Jina Lililoandikwa Daftarini



Kila mwaka, sikukuu ya Epifania ikiisha kupita na wageni wa Krismasi wakiisha kurudi makwao, sisi dada wawili hukaa mezani jioni tukafungua daftari. Ni daftari la shule la kawaida, lenye mistari. Humo huandika yote tutakayofuma kwa sindano mwaka mzima: sweta ya nani, soksi za nani, shali ya nani, uzi wa rangi gani, na kazi iishe mwezi gani. Wengi wenu mnatujua, na sindano zetu mmeziona hata kwenye mikutano ya mtaa, mahali ambapo pengine hazikustahili kuonekana. Mmoja wetu alifundisha shule ya msingi hata akastaafu, mwingine alikuwa fundi wa cherehani. Sote tu wajane, twakaa nyumba moja. Kufuma tulifundishwa na mama yetu kwa spoku za baiskeli zilizonolewa juu ya jiwe, maana sindano za dukani hazikuwapo, na zilipokuwapo hazikununulika.

Padre ametuomba tuandike juu ya kazi ya mikono. Twashukuru, ila hatutaeleza namna ya kuanzisha vitanzi wala ya kufunga shingo. Hayo njooni nyumbani, tutawaonyesha. Tunataka kuuliza swali moja ambalo limetusumbua tangu mwaka juzi. Jambo jema ulilolipanga mwenyewe, ukaliandika kwa mkono wako, wala hukumwambia yeyote, je, ni deni? Au ni mawazo tu ya moyo, ambayo mtu aweza kuyaacha kama anavyoacha njia moja akashika nyingine, bila kumkosea mtu?

Kwanza tuseme kwa nini twapanga. Huku kwetu nyanda za juu za Njombe baridi si mzaha. Kati ya Juni na Agosti mtu hutoka kitandani kwa shida, na kule Makete ziko asubuhi ambapo umande huganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Sasa, sweta ya kuvaliwa Juni haiwezi kuanzishwa Juni. Yapasa ianze Februari, wakati jua linachoma kati ya mvua na mvua, na hakuna anayekumbuka baridi. Tena uzi una mambo yake. Ukinunua vibonge vitatu leo na viwili mwezi ujao, hata kama jina la rangi ni lile lile, huenda vilitiwa rangi katika mapipa mbalimbali, na tofauti hiyo itaonekana kifuani pa mtu mpaka sweta ichakae. Mfumaji hana budi kujua mapema kwamba mtu mzima wa kadiri atakula gramu 500 hivi za uzi, azinunue zote siku moja, au asianze.

Wala si kila mara twanunua uzi mpya. Aghalabu twaenda gulioni tukachagua sweta ya mitumba iliyo kubwa, yenye uzi mzuri, tukaifumua. Hapo pana ujuzi wake. Yafaa kwanza ugeuze nguo utazame mshono wa ndani. Ikiwa kingo zilikatwa kwa mashine, iache, utapata vipande vifupi visivyofaa hata kufungia mboga. Ikiwa vipande viliungwa kwa uzi tu, pasua mshono taratibu, tafuta mwisho, na sweta yote itakuja mkononi kama maji. Huuzungusha uzi mgongoni mwa kiti, tukaufua, tukauning'iniza na kijiwe chini ili makunyanzi yanyooke. Mdogo kati yetu huipenda kazi hii ya kufumua kuliko ya kufuma. Asema ndiyo kazi pekee ambayo mtu huharibu akasifiwa.

Lakini iko sababu nyingine ya kupanga, nayo ni ya haki. Mwaka mmoja tuliamua tusiandike kitu. Tulisema upendo hauendi kwa daftari. Atakayetokea mbele yetu na haja yake, huyo ndiye tutakayemfumia. Maneno hayo yalikuwa matamu. Ilipofika Desemba tukahesabu tulichofanya: kofia za watoto wachanga kwa waliozipigia hodi, sweta mbili za mabwana wenye sauti kubwa, skafu za wanakwaya walioziomba mbele ya watu ili tusiweze kukataa. Mwenye haya hakupata kitu. Mwenye kuona aibu kuomba, na aliye mbali na barabara, na aliyezoea kukosa hata hajui kwamba angeweza kupata, hao wote walipita bila kuonekana. Basi tukarudi kwenye daftari. Humo asiyeomba aweza kuandikwa jina, kwa kuwa jioni hiyo hakuna anayepiga kelele mezani.

Ndivyo tulivyomwandika bibi mmoja jirani yetu, mwaka juzi, nambari 12. "Shali, kahawia, baada ya Pasaka."

Hatutataja jina lake, ingawa wengi mtamjua. Alikaa ng'ambo ya kijito na mjukuu wake wa kike. Alikuwa na khanga mbili na koti moja la mwanamume lisilo na vifungo. Akipita kwenda kisimani alikuwa akipumzika barazani kwetu. Sisi humwamkia, "Shikamoo, bibi," naye huitika, kisha hukaa kimya akitazama sindano zinavyokwenda. Mara nyingine hunyoosha kidole akagusa uzi uliomo kapuni, akarudisha mkono. Hakuomba kamwe. Siku moja tu alisema kwamba mikono yetu ina baraka.

Pasaka ilipita. Akaja binti wa ndugu yetu, ndoa yake Juni, na mama mkwe wake ni mtu wa kusema. Tukaona haifai kwenda arusini mikono mitupu. Sweta ya bwana arusi haikuwamo daftarini, tukaiingiza kati ya nambari 9 na 10. Kisha mwalimu mmoja aliyehamishwa akaagiza sweta za watoto wake wawili, kwa fedha, na fedha zilihitajiwa, hatufichi. Uzi wa kahawia ulikuwa umekwisha nunuliwa, vibonge vyote vimo kapuni, kwenye mfuko wake, na karatasi yenye jina la bibi juu. Asubuhi moja ya Julai tuliitwa. Alikuwa ameugua kifua siku tano.

Tulikwenda msibani kama watu wengine. Tulipika, tuliimba, tulilala chini siku tatu. Hakuna aliyetutazama vibaya, kwa kuwa hakuna aliyejua. Hapo ndipo penye swali letu.

Tuliporudi nyumbani mmoja wetu alisema hivi: Hatukumwahidi. Ahadi yataka watu wawili, mmoja anenaye na mwingine asikiaye. Yeye hakujua kuna shali, basi hakuisubiri, na asiyesubiri hakucheleweshewa kitu. Tena shali haiponyi kifua. Tujilaumu kwa kazi nyingi, sawa, lakini tusijipe hatia ambayo si yetu, maana hiyo nayo ni namna ya kujikuza.

Yule mwingine hakujibu usiku ule. Alijibu baada ya juma zima, tena kwa swali: Mei, siku ile ya mvua ya mwisho, bibi alipokaa barazani akitetemeka, tulifanya nini?

Tulikumbuka vizuri mno. Tulimpa chai. Naye alipokwenda zake tulitazamana, na mmoja wetu akasema, "Shali yake imo daftarini." Tukaridhika. Ndani ya sanduku mlikuwa na blanketi ambalo hatulitumii. Gulioni, Jumamosi ile ile, shali nzito za mitumba ziliuzwa kwa bei ndogo kuliko uzi mpya tuliomnunulia. Tungeweza kumfunika siku hiyo hiyo, au baada ya siku tatu. Hatukuwaza hata kidogo, kwa sababu ndani ya mioyo yetu bibi yule alikuwa amekwisha kufunikwa. Januari tulipoandika jina lake tulisikia furaha ya mtu aliyetoa. Tuliipokea furaha ile kamili, tukaila yote, na kazi haijaanza.

Hivi ndivyo tuonavyo sasa, nasi twawaomba mtupime. Deni letu halikutoka katika daftari, maana karatasi haina nguvu ya kumfunga mtu kwa mtu asiyejua. Deni lilitoka katika lile ambalo daftari lilituzuia kulifanya. Mpango mwema una hatari hii, kwamba humlipa mtu mshahara kabla ya kazi, na aliyekwisha kulipwa si rahisi kuamka alfajiri. Mtume Yakobo asema habari ya yule anayemwona ndugu hana nguo, akamwambia aende akaote moto, asimpe kitu. Zamani tulidhani huyo ni mtu mgumu wa moyo. Sasa twaona yamkini alikuwa mtu mwenye daftari.

Ni huyo huyo Yakobo, katika sura ya nne ya waraka wake, awaonyaye wafanya biashara wanaopanga kwenda mji fulani na kukaa mwaka mzima, nao hawajui ya kesho. Wengi wetu tumezoea kuyasikia hayo kama katazo la kupanga. Lakini Bwana mwenyewe ametaja mtu ajengaye mnara, akisema huketi kwanza akahesabu gharama, wala hakumlaumu kwa kuhesabu. Na mtu akiisoma ile sura ya Yakobo mpaka mwisho ataona inamalizika kwa neno juu ya yule ajuaye kutenda mema asitende. Mambo hayo mawili yamewekwa karibu sana. Sisi twafikiri si kwa bahati. Anayejivunia mwaka ujao na anayeacha wema wa leo mara nyingi ni mtu mmoja.

Iko pia dhambi ndogo ndani ya ile kubwa, nayo ni ngumu kuikiri kwa watu wanaofuma. Kwa nini hatukununua shali ya mtumba? Kwa sababu isingekuwa kazi yetu. Tulitaka bibi apite njiani watu waulize, "Hiyo imefumwa na nani?" Mfumaji hupenda kusema kwamba nguo ya mkono ina joto la pekee, kwa kuwa mtu amekaa saa nyingi akimfikiri mwenzake. Hayo ni kweli, tumeyaonja. Lakini mwili unaotetemeka hauulizi nani amefuma. Joto la pekee laweza kusubiri. Joto la kawaida haliwezi.

Basi je, tuchome daftari? Mdogo kati yetu alitaka hivyo. Mkubwa, aliyekuwa mwalimu, alisema tukichoma daftari tutarudi kwa wale wenye sauti kubwa, na mtu wa pili wa namna ya bibi yule hatapata hata chai. Alichotaka yeye ni hesabu. Tukaketi tukafanya hesabu ambayo tungalipaswa kuifanya Januari.

Kila mmoja wetu aweza kufuma saa moja kwa jioni, jioni nne kwa juma. Jumatano ni mafundisho, Jumamosi ni gulio na kufua, Jumapili hatufumi. Toa majuma ya kupanda na ya palizi, toa ya kuvuna, toa Juma Kuu, toa misiba na magonjwa ambayo hatuyajui lakini huja kila mwaka. Yabaki majuma 36. Ni saa 144 kwa kila mtu, yaani saa 288 kwa sisi wawili. Upande wa pili tukaweka kazi, si kwa mwendo wa mtu hodari bali kwa mwendo wa mikono yetu yenye baridi yabisi: sweta ya mtu mzima saa 40, ya mtoto saa 18, shali saa 30, jozi ya soksi saa 12. Daftari la mwaka juzi lilikuwa na sweta 5 za watu wazima, 6 za watoto, shali 2, na jozi 4 za soksi. Jumla saa 416. Tulikuwa tumewagawia watu saa 128 ambazo Mungu hakutupa. Na hapo sweta ya bwana arusi haimo, wala za mwalimu.

Tulitazama ile hesabu kwa muda mrefu. Kumbe tangu jioni ile ya Januari ilikuwa dhahiri kwamba kuna watu ndani ya daftari ambao hawatapata kitu, na lililobaki kujulikana ni nani tu. Na sasa twajua huwa ni nani. Yeye asiyeuliza.

Kila mfumaji anakijua kipande cha majaribio. Kabla ya kuanza sweta wafuma mraba mdogo, wapima sentimita 10, wahesabu vitanzi. Maelezo ya kitabu yasema 22. Mkubwa kati yetu hukaza uzi hata akapata 24, mdogo hulegeza akapata 20. Ukipuuza, sweta ya mtoto wa kifua cha sentimita 60 itaanzishwa kwa vitanzi 132 kama kitabu kisemavyo, na mkono wa mdogo utaitoa na sentimita 66. Nguo hiyo haikukosewa popote. Kila safu ni sahihi. Ila haimfai aliyekusudiwa. Mwaka nao unataka kipande cha majaribio. Haifai kupanga kwa mkono wa mtu mwingine, wala kwa mkono wako wa miaka 20 iliyopita.

Katika siku zile za kujiuliza tulimkumbuka Hana, mama yake Samweli. Twamsifu kwa maombi yake na kwa kumtoa mwanawe, nasi hupita haraka juu ya jambo dogo lililoandikwa katika sura ya pili ya kitabu cha kwanza cha Samweli, kwamba kila mwaka alimfanyia mtoto kanzu ndogo, akampelekea walipokwenda kutoa dhabihu. Fikirini. Mtoto yuko Shilo, mama yuko nyumbani. Anashona kanzu ya mwili ambao hajauona kwa muda wa mwaka. Amekua kiasi gani? Amenenepa, amekonda? Huo ndio mpango wa mwaka hasa. Lakini uko na jambo ambalo letu halikuwa nalo: ni mtu mmoja, kanzu moja, na safari ya kwenda kumvika. Hana hakuandika watoto 17.

Naye Tabitha wa Yafa, alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizokuwa amewafanyia. Hakuna aliyeleta orodha ya nguo alizokusudia.

Iko picha ya kale, ya mchoraji Bertram wa Minden aliyefanya kazi Hamburg, Ujerumani, mnamo mwaka 1400. Katika picha hiyo Bikira Maria amekaa anafuma shati dogo kwa sindano nne, kwa kuzungusha, bila mshono, naye amefika shingoni. Mtoto Yesu amelala mbele yake na kitabu, na malaika wawili wamekuja, wamebeba msalaba na mkuki. Watu husema ni kwa ajili ya ile kanzu isiyo na mshono ambayo askari waliipigia kura. Huenda. Sisi tulipoiona tuliona jambo la kifundi zaidi: amefika shingoni. Yajayo yamekwisha kuingia nyumbani na silaha zao, na shati la mtoto liko karibu kuisha.

Sasa tuseme habari ya sisi wenyewe, ingawa twaona haya. Katika daftari zetu zote za nyuma hamna hata ukurasa mmoja wenye majina yetu. Tulijivunia hilo. Sweta ya mkubwa ina viraka viwiko vyote viwili, ya mdogo imefumuka pindo, na tulipoulizwa tulijibu kwamba nyumba ya fundi ndiyo ivujayo. Watu wakacheka, nasi tukapenda kucheka kwao. Lakini ukweli ni kwamba kila tulipomaliza sweta ya mtu asiyeshukuru vya kutosha, tulinung'unika usiku tukijihurumia kwa baridi yetu. Yule tuliyemvika tulimtoza mioyoni mwetu bei ambayo hakuijua. Je, si afadhali mtu afume yake, kwa saa 40 zilizo wazi, kuliko kuwadai watu kwa siri? Hatusemi jambo hili ni rahisi. Yuko mama mmoja aliyetuambia kuwa mwenye kujifumia mwenyewe na jirani yake yu uchi atajibu mbele ya Mungu. Amesema kweli. Twamjibu tu kwamba sisi tulikaa na viraka vyetu miaka mingi, na jirani yetu hakuvikwa kwa ajili hiyo.

Daftari la mwaka huu ni fupi. Lina sweta 2 za watu wazima, moja ya mkubwa kati yetu, nyingine ya mtumishi wa kanisa anayefungua milango alfajiri. Lina sweta 3 za watoto, shali 1 na jozi 3 za soksi. Ni saa 200. Saa 88 tumeziacha bila jina, na ukurasa wake mtupu. Mdogo hatakuwa na sweta mpaka mwakani, tulipiga kura. Majina matatu ya mwaka jana tumeyafuta kwa mstari mmoja, hata yasomeke. Kufuta kuliuma kuliko tulivyotazamia. Lakini jina lililofutwa halitudanganyi tena. Tukimwona mwenye jina hilo ana baridi, hakuna kitu kilichoandikwa cha kututuliza, basi yatubidi kutazama sandukuni.

Ulibaki uzi wa kahawia. Ulikaa kapuni miezi mingi, nasi tulipoondoa kitu kingine tuliukwepa. Wengine watashauri, na tulilifikiri sisi pia, kwamba tumfumie bibi mwingine mzee shali ile ile, iwe kama malipo. Tulishindwa kulikubali jambo hilo. Bibi mwingine si kaburi la kuwekea deni letu. Akistahili shali, apewe shali yake.

Mwishowe tulikwenda ng'ambo ya kijito kwa yule mjukuu, ambaye sasa anakaa na shangazi yake. Tulimweleza yote, mbele ya shangazi, kuanzia Januari hata Julai. Shangazi alinyamaza akitazama chini. Mtoto alisikiliza, akachukua mfuko, akatoa bonge moja akaligeuza. Akasema Bibi hakupenda kahawia. Alisema daima ni rangi ya udongo. Alipenda bluu, ile ya mbinguni asubuhi.

Alikuwa amekaa barazani kwetu mara ngapi? Na sisi tulikuwa na ndimi vinywani.

Tulimwuliza yeye anataka nini, kama anataka kitu. Hakujibu upesi. Kisha alisema anataka sweta, yenye mifuko, na kahawia haimsumbui, ila shingo iwe na mstari wa bluu. Uzi wa bluu tumeupata gulioni katika sweta ya mtoto yenye tundu, mshono wake haukukatwa. Tumempima kwa kamba na kufunga fundo penye kifua na fundo penye mkono. Anakua upesi. Kipande cha nyuma kimekwisha, cha mbele kimefika kwapani, na kabla ya kuanza mikono amesema atakuja Alhamisi apimwe tena.